Gauni la Kukulia

Saa mbili na nusu asubuhi Mkuu wa Kituo aliweka jalada mezani, kisha akauweka na mkono wake juu yake, kama mtu anayezuia karatasi zisipeperuke.

"Bi Taratibu," alisema, "hili nalifunga saa sita. Na usiniangalie hivyo. Jana uliingia kule ndani, ukaonyeshwa bibi harusi, ukaonyeshwa na cheti chake cha kuzaliwa. Ana miaka kumi na tisa. Sasa mimi na wewe tunatafuta nini?"

"Mtoto wa miaka kumi na mitatu, mkuu."

"Nani kamwona?"

"Dada yake."

"Dada yake kampigia simu shangazi, simu ikakatika. Shangazi anaishi mwendo wa kutwa nzima kutoka hapa, na hajaonana na kaka yake miaka minne. Hiyo ni habari ya kusikia, na ya kusikia nusu."

Inspekta alifungua daftari lake. Jina la Bi Taratibu alipewa na askari wenzake kwa sababu hakuwahi kuonekana akikimbia, wala hakuwahi kuonekana akichelewa. Shangazi mwenyewe alikuwa kwenye benchi la mapokezi tangu juzi, mkoba mapajani. Kila mlango ukifunguliwa alisimama, na ukifungwa aliketi.

"Jana nimepigiwa simu kumi na moja," mkuu akaendelea. "Sita zinasema naonea watu wa dini. Tano zinasema watu wa dini wamenihonga. Hata moja haikusema mtoto yuko wapi."

"Ndoa ni saa tisa alasiri."

"Basi niletee kitu chenye miguu kabla ya saa sita. Hakimu hawezi kutoa amri ya kuvunja milango kwa ajili ya simu iliyokatika."

Watu wa Lango walikuwa wamehamia mtaa ule miaka kumi nyuma. Walijenga ukuta mrefu, na ndani ya ukuta wakajenga tanuri la mikate. Kiongozi wao walimwita Mlinzi. Mlinzi ndiye aliyeota nani amwoe nani, na kwa ndoto zake mwanamume mmoja aliweza kuwa na wake wanne, watano, hata saba. Hawakunywa, hawakugombana, na mikate yao ilikuwa laini na ya bei nafuu. Mji mzima uliila.

Inspekta alitoka na Koplo, mtu mnene wa maneno mengi aliyekuwa pia dereva wake.

"Tunaanzia wapi, afande?"

"Kwa mshonaji."

"Tunatafuta mtoto, afande, si suruali."

"Jana ulipokuwa ukionja mikate yao, mimi niliwatazama wake zao. Wote wamevaa gauni jeupe la kitambaa kimoja, wengine limeshageuka manjano kwa kufuliwa. Anayewashonea ni bibi mmoja aliyekaa mlangoni. Ulimwona macho yake?"

"Yamefungwa bandeji yote mawili."

"Sasa gauni la leo kalishona nani?"

Koplo aliwasha gari.

Kwenye barabara inayopita ukutani kulikuwa na mafundi watatu. Koplo aliegesha mbali, wakatembea, Inspekta akiuliza huku na huku. Muuza mkaa alimjibu akitafuna mkate wao, bila kuacha kupakia gunia. "Kila mtu na dini yake, mama. Mimi nikianza kuchungulia vitanda vya watu, mkaa utauzwa na nani?" Kinyozi alikuwa na dawa tofauti. "Mngeniachia mimi ningewachoma moto na ukuta wao." Inspekta alimuuliza kama aliwahi kumwona binti mdogo akitolewa au kuingizwa. Kinyozi akasema hajui, yeye hana muda wa kutazama watu. Juu ya meza yake, karibu na wembe, palikuwa na mkate wa Watu wa Lango, umemegwa nusu.

"Mmoja maji, mmoja moto," Koplo alinong'ona walipotoka, "na wote wawili wamejaza mkate mdomoni."

Fundi wa kwanza alikuwa amefunga. Wa pili alikuwa mama wa makamo, mwenye pini midomoni, na alipozitoa Inspekta alidhani amepata.

"Nimewashonea, ndiyo. Gauni la harusi jeupe."

"Lini?"

"Mwaka jana, bibi yao wa kushona alipoanza kuugua macho. Mjane mmoja aliyeingia kwao, mtu mzima, umri wake thelathini na kitu. Alikuja mwenyewe nikampima."

Koplo alishusha pumzi. Inspekta alikuwa tayari amegeuka kuondoka, akarudi.

"Pindo la chini uliacha kiasi gani?"

"Kama la kila mtu. Vidole viwili."

"Hukuambiwa uongeze?"

"Niongeze ya nini? Mtu mzima yule."

Inspekta aliandika vidole viwili kwenye daftari lake, akapigia mstari, akaomba jina na sahihi ya fundi. Koplo alimtazama kama mtu anayetazama mwenzake akinunua kofia isiyo na tundu la kichwa.

Fundi wa tatu alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mtaani walimwita Pima Mbili, kwa kuwa hakukata kitambaa kabla ya kukipima mara ya pili. Redio ilikuwa ikisema juu ya rafu, na mada ya asubuhi hiyo ilikuwa ileile. Msikilizaji mmoja alisema serikali iwaache watu na imani zao. Wa pili akasema wazazi ndio wenye watoto, siyo polisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni sare za shule, rudini wiki ijayo."

"Ni gauni la harusi. Jeupe. La wale jirani."

Mzee aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mshono ukafika mwisho, akakata uzi kwa meno. "Lilichukuliwa jana. Mimi nimemaliza kazi yangu."

"Bibi harusi alikuja kupimwa?"

"Hawaruhusu mwanamume wa nje aweke mkono kwa wanawake wao. Alikuja mke mkubwa wa nyumba na kamba." Alivuta mtoto wa meza, akatoa kamba ya katani yenye mafundo manne. "Unapima kutoka ncha hii. Fundo la kwanza mabega, la pili kiuno, la tatu kifua, la nne urefu."

Inspekta aliipokea, akaweka ncha kwenye bega lake moja. Fundo la kwanza halikufika hata karibu na bega la pili.

"Mwembamba huyu."

"Mwembamba na mfupi," mzee alikubali. "Lakini usikimbilie hapo, mama. Marehemu mke wangu alikuwa mfupi kuliko hiyo kamba, na alizaa watoto saba, na akinipiga nilikuwa naumia."

Koplo alicheka. Inspekta hakucheka, ila alitikisa kichwa kukubali. Mzee alisema kweli. Wakili yeyote wa Watu wa Lango angesimama mbele ya hakimu na kusema maneno hayohayo. Inspekta alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Niambie pindo la chini."

"Vidole vinane."

"Vinane?"

"Nimevikunja ndani kwa uzi mwepesi, wa kufumuka. Na mikono nimeikunja vinne."

"Walikwambia kwa nini?"

"Ndiyo sheria yao. Mwanamke wao hushonewa gauni moja tu, la siku ya ndoa, naye hulivaa kila siku ya ibada mpaka azikwe nalo. La pili haruhusiwi, ni dhambi kwao. Kwa hiyo lazima liachiwe nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kunenepa. Ya mimba. Mambo ya wanawake, wewe unayajua kuliko mimi."

"Mbavuni uliacha kiasi gani?"

"Viwili. Kawaida."

"Mzee wangu, mtu akinenepa anaongezeka wapi?"

"Mbavuni."

"Na akiwa mjamzito?"

"Mbele."

"Na wewe umeacha nafasi chini ya miguu na mwisho wa mikono. Mtu wa miaka kumi na tisa mikono yake inakwenda wapi?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

"Hivyo ndivyo tunavyoshona sare za darasa la tano," alisema. "Mzazi hataki kununua nyingine mwakani."

"Ulijua?"

"Mikono yangu ilijua. Mimi ni fundi, mama. Nashona vitambaa, sishoni maoni. Watu hawa ni nusu ya wateja wangu."

"Nahitaji uandike hayo, uweke sahihi, na kamba niondoke nayo."

"Hapo sasa umenitafutia balaa."

Inspekta hakumsukuma. Alikaa, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kusubiri mvua ipite. Koplo alitazama saa yake. Ilikuwa saa nne na robo. Kwenye redio mtangazaji alikaribisha simu nyingine, na sauti ya mwanamke mzee ikaingia, ya taratibu, yenye kikohozi.

"Mimi nawasikiliza tangu asubuhi," ilisema. "Niliozwa nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa mke wa tatu. Siku ile watu wote walikuwa na maoni. Baba alikuwa nayo, wazee wa dini walikuwa nayo, majirani walikuwa nayo, wengine walisema vizuri, wengine walisema vibaya. Wakala, wakaenda zao. Sasa nina miaka sabini na moja, na nyinyi ndiyo kwanza mnabishana. Ni hayo tu, mwanangu, salio linaisha."

Mtangazaji akaweka muziki.

Pima Mbili alinyoosha mkono akazima redio. "Lete hiyo karatasi," alisema. "Na uandike vizuri kwamba mikono ilikunjwa vinne, siyo vitatu. Nisije nikaitwa fundi mbabaishaji."

Hakimu alikuwa mwanamke mkavu, asiyependa hadithi. Alisoma maelezo ya fundi wa mjane, akasoma ya Pima Mbili, akanyoosha kamba juu ya meza yake.

"Mwaka jana mtu mzima, vidole viwili," alisema. "Mwaka huu mtu mzima mwingine, vidole vinane. Kundi lilelile, sheria ileile."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Wangeweza kusema vidole viwili tu, na wewe usingekuwa na kitu."

"Wasingeweza. Mtoto angelipita gauni lake kabla ya mwaka kuisha, na la pili ni dhambi."

Hakimu aliinua macho mara moja tu, kisha akatia sahihi. "Nenda na ofisa wa ustawi wa jamii. Na usivunje kitu ambacho kina ufunguo."

Saa saba walikuwa mbele ya lango, askari sita, ofisa wa ustawi, na shangazi ndani ya gari. Habari zilikuwa zimeshawatangulia. Watu walijaa barabarani, wengine wakipiga kelele polisi waache dini za watu, wengine wakidai ukuta uangushwe. Muuza mkaa alikuwepo, na kinyozi alikuwepo na shuka la mteja begani.

Mlinzi alifungua mwenyewe. Alikuwa na sauti ya mtu anayebembeleza mgonjwa.

"Mama, jana tulikukaribisha vizuri. Leo umekuja na karatasi."

"Jana nilikuwa mgeni, baba. Leo niko kazini. Naomba nimwone bibi harusi, akiwa amesimama."

Waliletwa watu watatu kwenye sebule yenye harufu ya hamira. Kwanza baba wa binti, amevaa suti. Kisha bwana harusi, mzee wa ndevu zilizochanwa, ambaye wake zake wanne walikuwa wamepanga vikombe mezani bila kuinua nyuso. Mwisho bibi harusi, amefunikwa kitambaa kizito mpaka kiunoni. Jana alionyeshwa akiwa amekaa. Leo aliposimama alimzidi baba yake kwa kichwa.

"Cheti mlishakiona," baba alisema.

"Nilikiona. Sasa nataka kuona gauni."

"Limefungwa mpaka saa tisa."

"Karatasi yangu haisubiri saa tisa."

Mke mkubwa wa nyumba alimtazama Mlinzi, Mlinzi akatazama dirishani. Gauni likaletwa, limekunjwa kwenye shuka. Inspekta alilishika mabegani, akaliweka mgongoni kwa binti. Mabega yake yalitokeza kila upande kama mlango uliopita fremu. Mkono wa gauni uliishia juu ya kiwiko.

"Hata mimi lingenitosha zaidi," Koplo alisema.

"Fundi kakosea," baba akasema haraka. "Vipimo vilichanganywa."

Inspekta alitoa mkasi mdogo mfukoni, akakata uzi mwepesi wa pindo, na kitambaa kikaanguka vidole vinane kwenda chini. Akafumua mkono mmoja, nao ukashuka.

"Fundi wenu hajawahi kukata bila kupima mara mbili. Mliacha nafasi ya kurefuka, baba. Niambie, huyu binti yako wa miaka kumi na tisa atarefuka mpaka lini?"

Baba alivuta kola ya suti yake. Bwana harusi alianza kukohoa. Mlinzi alisema kwamba mambo ya imani hayapimwi kwa mkasi.

Binti ndiye aliyefunua kitambaa. Alikuwa na uso wa mtu aliyelia juzi na jana na sasa hana cha kulia.

"Yuko stoo ya unga," alisema.

"Wewe, funga mdomo."

"Nimeufunga tangu jana, baba. Umechoka."

Kisha akamgeukia Inspekta, akaongea kwa mfululizo, kama anayeogopa kukatizwa. Cheti kilikuwa chake. Walimwambia akae, anyamaze, aonyeshwe kwa polisi, na kama angekataa mdogo wake angepelekwa mbali, kwa kundi lao jingine, asionekane tena. Simu aliazima kwa mteja wa mikate. Haikukatika yenyewe. Ilikatwa na mkono wa baba.

Ufunguo wa stoo ulikuwa shingoni mwa mke mkubwa. Askari wa kike alimwendea, lakini mama yule alikuwa tayari ameuvua, ameunyoosha mbele yake akitazama sakafuni.

Stoo ilikuwa ndefu na magunia yamepangwa mpaka darini. Katikati ya magunia, juu ya sanduku la mbao, alikuwa amekaa msichana mdogo, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Unga ulikuwa umemkaa kwenye nywele na kope. Hakusimama wala hakukimbia.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni polisi. Nimekuja kukutoa hapa."

Mtoto alifikiri. "Saa tisa imefika?"

"Haijafika. Na ikifika haitakuwa na kitu. Ndoa hakuna."

"Imeahirishwa?"

"Imefutwa, mwanangu. Haipo."

"Na dada?"

"Dada yako yuko hapo nje, anakungoja."

Hapo ndipo alipoteremka kwenye sanduku. Alipopita kwenye mlango akashikwa na dada yake, na wawili wale wakasimama wamekamatana, weupe kwa unga, mpaka ofisa wa ustawi akawaondoa taratibu, mmoja kila mkono. Dada mkubwa aliulizwa kama anataka kubaki au kuondoka, kwa kuwa yeye ni mtu mzima na hakuna wa kumwamulia. Alijibu kwa kuingia ndani ya gari na kufunga mlango mwenyewe.

Baba, bwana harusi na Mlinzi walipandishwa gari jingine. Mlinzi aliomba asifungwe pingu mbele ya watu. Koplo alimjibu kwamba milango yote ina ufunguo, hata hii midogo ya mikononi, na akamfunga pingu.

Nje kelele zilikuwa zimepungua. Watu walipomwona yule mtoto, kimo chake, wengi walishusha macho. Kinyozi alipaza sauti kuwaambia walio nyuma, "Sisi tulijua siku nyingi."

"Asubuhi ulikuwa umesahau," Koplo alisema akipita.

Mwanamume mmoja alilalamika kuwa polisi wanavunja nyumba za watu. Alitafuta wa kumuunga mkono, hakumpata karibu, akanyamaza. Muuza mkaa aliburuta gunia lake kando ili gari lipite, kisha akabaki amesimama, mkono kiunoni, analitazama likienda.

Shangazi alikuwa amekaa nyuma, katikati ya mabinti wawili wa kaka yake. Kwa siku tatu alikuwa amejiandalia maneno ya kusema, na sasa alikuwa anafuta tu unga kwenye nywele za mdogo kwa kiganja, anafuta na kufuta.

"Shangazi," mtoto alisema.

"Naam, mama."

"Sasa naruhusiwa kulala?"

Shangazi hakuelewa. Dada mkubwa ndiye aliyeeleza. Kwao bibi harusi haruhusiwi kufumba macho siku tatu kabla ya ndoa, na mtu huwekwa mlangoni wa kumgutusha kila akisinzia.

"Lala," alisema shangazi, na sauti yake ikakatika katikati ya neno fupi namna hiyo. "Lala, mwanangu. Hakuna wa kukuamsha."

Kabla hawajafika kona ya kwanza kichwa kilikuwa kimeshaanguka begani kwa shangazi, mdomo wazi, na mkono umelegea ukining'inia kitini. Koplo, ambaye hakuwahi kuendesha bila kupiga honi, aliendesha kama mtu aliyebeba beseni la maji. Kituo kilitokea upande wa kushoto. Mkuu alikuwa amesimama ngazini, jalada mkononi, anatazama.

Koplo alipunguza mwendo akatafuta uso wa Inspekta kwenye kioo. Inspekta aligeuka kutazama kiti cha nyuma, akatazama kitambo, kisha akaketi vizuri.

"Zunguka," alisema.

"Mkuu anatusubiri, afande."

"Amengoja tangu juzi, saa moja haitamuua. Zunguka tena, Koplo. Polepole."